Desemba ndo ilimvunja mguu: kisa cha mama mmoja wa Moshi na nusu marathoni yake

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, jina naliacha na wanaomfahamu naomba wasimtaje. Ni mama wa watoto wawili, miaka 36, anauza mitumba hapa Moshi mjini, anakimbia kwa sababu anapenda kukimbia, hajawahi kulipwa hata shilingi. Katikati ya Januari 2025, kama wiki sita kabla ya Kilimanjaro Marathon, alikuja kwangu anachechemea kwa mbali, ile ya mtu anayejitahidi usigundue. Kazi yangu ni fiziotherapia na mwenyewe nakimbia, kwahiyo wakimbiaji wa hapa mjini wengi huwa wananitafuta kabla hawajaenda popote.

Nikamwambia nionyeshe panapouma. "Hapa tu dokta," akaweka kidole kimoja upande wa ndani wa ugoko wa kushoto, kama upana wa kiganja juu ya kifundo cha mguu. Hicho kidole kimoja kilinitia wasiwasi kuliko kuchechemea kwenyewe. Mtu mwenye yale maumivu ya ugoko ya kawaida, ambayo wakimbiaji wengi wanayapata wakianza kuongeza mbio, ukimuuliza anapitisha kiganja kizima, anakwambia huku kote, na mara nyingi akishapasha mwili yanapungua. Yeye alikuwa na sehemu moja, inazidi kila kilomita inavyoongezeka, na wiki hiyo ilishaanza kumwamsha usiku akiwa amelala zake. Nikabonyeza taratibu kupanda mfupa, chini hakuna kitu, katikati hakuna kitu, nilipofika pale, eneo la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, akavuta mguu. Nikamwomba aruke kwa mguu huo mmoja mara tatu, akaruka mara moja akashika meza.

Kwa mtu anayejua hii kazi hapo jibu limeshaanza kuonekana, ni mfupa umeanza kupata ufa wa uchovu. Ni ufa unaotokana na kugongwagongwa mara elfu nyingi bila kupewa muda wa kujirekebisha, wala hahitaji kuwa amedondoka au kugongwa na bodaboda. Nikamwandikia aende eksirei, akaenda, ikarudi safi kabisa. Akanipigia simu kwa furaha, "dokta mfupa mzima, basi Jumapili naenda na wenzangu Mweka?"

Hapa ndo watu wengi wanapoumia mara ya pili. Eksirei ya kawaida kwenye ufa wa namna hii, wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kinachokuja kuonekana baadaye ni mfupa mpya unaojengeka pale kwenye jeraha. Kipimo kinachoona mapema ni MRI, ila bei yake kwa mfanyabiashara mdogo ni mtaji wa belo zima, na kwa dalili alizokuwa nazo jibu la MRI lisingebadilisha tunachotakiwa kufanya. Kwahiyo nilimwambia wazi, picha safi ya leo haina maana mfupa ni salama, tunauchukulia kama una ufa mpaka ututhibitishie vinginevyo, eksirei tunarudia baada ya wiki nne. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu. Alishalipia nusu marathoni, namba anaisubiri.

Sasa kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kwenye kundi analokimbia nalo walisema ni viatu, anakimbia na mtumba, anunue vipya. Nyumbani walisema ni mlima wa Mweka, mwili wa mama sio wa kupanda kule. Mama mkwe wake alisema ni baridi imeingia kwenye mfupa. Viatu nilivitazama kwanza maana ni rahisi kuvitazama, na huyu dada ndo wa mwisho kuvaa kiatu kibovu, belo likifunguliwa yeye ndo anachagua kabla ya mteja. Soli haijalala upande wowote, povu bado linarudi ukibonyeza, na alikuwa amevitumia tangu Agosti bila shida. Kiatu kilichokubeba miezi minne hakigeuki adui ndani ya wiki mbili, labda kama kimekwisha, na hiki hakikuwa kimekwisha.

Nikamwomba simu. Anatumia programu ya kurekodi mbio kama wengi wetu, na kwenye hiyo simu kisa chote kilikuwa kimeandikwa, ila hakuna aliyewahi kukisoma mstari kwa mstari.

Septemba 2024 alikuwa anakimbia siku tatu kwa wiki, kilomita 22 mpaka 25. Mwishoni mwa Oktoba akajiunga na kundi la watu wanaojiandaa na Kili, yaani Kilimanjaro Marathon, Novemba akafika 38, Desemba wiki zake zinasoma 48, 52, 55, wiki ya kwanza ya Januari 58. Yaani kwa kama miezi miwili na nusu amezidisha zaidi ya mara mbili, na siku za kukimbia zimetoka tatu zimekuwa sita. Hilo peke yake linatosha kumpa mtu shida, lakini kuna watu wanaongeza hivo na wanasalimika, kwahiyo sikuishia hapo.

Nikaangalia pesi, yaani muda anaotumia kumaliza kilomita moja. Mwaka uliopita nusu marathoni yake aliimaliza kwa saa 2 na dakika 20, hiyo ni kama dakika 6 na sekunde 38 kwa kilomita. Safari hii alitaka 2:10, maana yake pesi ya 6:10 hivi. Ukifungua sasa zile mbio za asubuhi za Jumanne, Jumatano, Ijumaa, ambazo kwenye ratiba ya kundi zimeandikwa "nyepesi", zinasoma 6:15, 6:12, 6:20, siku moja 5:58. Siku nyepesi anakimbia pesi ya mashindano! Nilimuuliza kwanini, akasema kundi linaondoka taratibu, afu kuna wakaka wawili wanachangamka, afu hakuna anayetaka kubaki nyuma gizani peke yake. Hili la giza nalielewa kabisa, mwanamke saa kumi na moja alfajiri barabarani anataka kuwa na wenzake. Ila matokeo yake ni kwamba wiki nzima hana hata siku moja nyepesi, ana siku ngumu sita na moja ya kusimama dukani kwa muda wa saa kumi na moja.

Kwa pesi yake yeye, mbio nyepesi ingetakiwa iwe saba na robo, saba na nusu, hata zaidi, pesi ambayo anaweza kusimulia habari za mteja wa jana mwanzo mpaka mwisho bila kukata sentensi. Wale ambao kukimbia ndo kazi yao, wa kiwango cha dunia, sehemu kubwa ya kilomita zao ni nyepesi namna hiyo, inakadiriwa kama asilimia 80 ya mazoezi yao. Watu wanamwangalia Alphonce Simbu alivyobeba dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, ile ya kumaliza muda mmoja 2:09:48 na Mjerumani Amanal Petros mpaka picha ikaamua, halafu kesho yake mtu anatafuta programu ya siku sita kwa wiki kuiga. Nafurahi Simbu anavyowaamsha watu, sana. Ila mwanariadha wa kulipwa akimaliza mazoezi ya asubuhi anakula na anarudi kulala, mchana wake ni sehemu ya mazoezi. Wewe unaenda kufungua duka.

Na Jumapili ndo ilikuwa Mweka. Kwa asiyejua, njia ya Kili inatoka mjini na sehemu yake kubwa ya maumivu ni kupanda kuelekea Mweka halafu unageuza unarudi uwanja wa Ushirika, mbio zinapoishia. Watu wa kundi wanaizoea kila wiki, ni sawa, ila watu wanaogopa kupanda kumbe mguu unapigwa wakati wa kushuka. Kupanda kunakuchosha pumzi na ndama za miguu lakini kishindo ni kidogo, kushuka kila hatua unatua kwa nguvu zaidi, mapaja yanafunga breki, mfupa wa ugoko unapokea. Rekodi yake ya Jumapili ya mwisho, kilomita 20, kushuka alikuwa anatembeza 5:20, 5:15. Alikuwa anafidia muda alioupoteza kupanda. Nilivyoiona hiyo nikamuuliza mguu ulikuwaje siku hiyo, akasema haukuuma kabisa, kisha akaongeza kwa sauti ndogo kwamba alimeza diklofenaki kabla ya kutoka, Jumapili tatu mfululizo, alizinunua duka la dawa kwa ushauri wa mwenzake wa kundi.

Kwa hili naomba nisimame kidogo kwa sababu nalikuta kila msimu. Kidonge cha maumivu kabla ya mbio kinafanya kazi moja tu, kinazima taarifa. Mfupa unaendelea kugongwa vilevile, tofauti ni kwamba wewe huambiwi. Na ukiongeza jua la Moshi la Januari na mtu aliyekauka maji, dawa za jamii hiyo zinaelemea figo. Mtu anayehitaji kidonge ili aweze kuanza mbio, hiyo mbio aiache.

Mpaka hapo tuna mzigo ulioongezeka haraka, siku nyepesi zisizo nyepesi, kushuka kwa kasi na vidonge. Lakini nilikuwa bado najiuliza mbona wenzake kwenye kundi, wenye ratiba ileile, hawajaumia. Jibu likatoka kwenye swali la kawaida kabisa, Desemba ulikuwa unalala saa ngapi?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwa Moshi mwezi wa kumi na mbili, mji unajaa. Wachagga wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, kila pahali, magari ya namba za kila aina, watu wanapanda mlimani na familia, kila mtoto anatakiwa avae nguo mpya ya Krismasi hata kama ni mpya ya mtumba. Kwa muuza nguo mwezi huo mmoja unabeba robo ya mwaka, ada ya Januari inatoka hapo. Huyu dada alikuwa anafunga saa tatu, saa nne usiku, anafika nyumbani anapanga mambo ya watoto, analala saa sita kasoro, na saa kumi na nusu alarmu inalia aende kukimbia. Saa tano kasoro za usingizi, wiki nne hivi, ndani ya wiki zilezile ambazo kilomita zake zilikuwa juu kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Nilimwomba aniandikie alivyokuwa anakula siku ya kawaida ya Desemba. Aliandika kwa uaminifu na namshukuru kwa hilo. Alfajiri kabla ya kutoka, chai ya rangi. Akirudi hana muda, anaoga, anaandaa watoto, anatoka. Saa tano asubuhi maandazi mawili na chai tena. Mchana akipata nafasi mboga za majani na kipande cha samaki, maana Oktoba alikata ugali na wali ili apungue, au wateja wakibana anapitisha na soda. Usiku mtori kibakuli kidogo au tunda, kwa sababu alisikia kula usiku kunanenepesha. Toka Septemba alikuwa ameshuka kutoka kilo 62 mpaka 58 na kila aliyekutana naye alimwambia amependeza, kwahiyo aliona yuko kwenye njia sahihi.

Nikapiga hesabu naye pale pale kwenye karatasi. Ni makadirio, sio ya maabara, lakini yanaonyesha. Kukimbia kunakula kama kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwahiyo kilo 58 mara kilomita 55 kwa wiki ni kama 3,200, gawanya kwa siku saba ni 450 hivi kwa siku. Chakula alichoandika kilifika labda 1,550. Toa 450, zinabaki 1,100 za kuendesha kila kitu kingine, moyo, ubongo, homoni, kutengeneza damu, kutengeneza mfupa, kusimama dukani na kubeba belo. Uzito wake ukitoa mafuta ni kama kilo 44, inakuja kalori 25 kwa kilo. Wataalamu wa michezo wanatumia 30 kama mstari ambao ukikaa chini yake kwa muda mwili unaanza kubana matumizi, na vinavyobanwa mapema ni uzazi na mifupa maana mwili unaona vinaweza kusubiri. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko lake kuhusu hali hii 2014 na wakasema wazi inawapata wanaume pia. Inaweza kumpata hata mkimbiaji wa kawaida, sio lazima mtu awe amekonda kupita kiasi au ana tatizo la kuogopa chakula. Anaweza kuwa tu ni mama mwenye shughuli nyingi ambaye hakupata muda wa kula.

Kuna alama moja ambayo kwa wanawake huwa inalia mapema, hedhi inakuwa ya mbali au inakata. Nilipouliza akasema kwake haiji tangu mwaka juzi, anatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Sindano hiyo kwa wanawake wengi inasimamisha hedhi yenyewe, kwahiyo hiyo kengele kwake ilikuwa imeshazimwa na isingemwambia chochote. Pia inajulikana kwamba ikitumika kwa muda mrefu inapunguza uzito wa mfupa kiasi. Sikumwambia aache, na wewe unayesoma usiache kwa sababu ya maneno yangu, nilimwambia arudi kwa nesi wake wa uzazi wa mpango amweleze anakimbia na amepata tatizo la mfupa, waangalie pamoja kama kuna njia nyingine inayomfaa. Walikaa wakaongea, walichoamua ni chao.

Sasa unganisha. Mfupa ukiongezewa mzigo hauanzi kwa kujenga, unaanza kwa kubomoa, ni kama wakandarasi wa barabara, wanachimba lami ya zamani kwanza ndo wanaweka mpya, na katikati hapo barabara ni mbovu kuliko ilivyokuwa. Kubomoa kunachukua wiki chache tu, kujenga ni miezi. Pumzi na moyo vinazoea haraka, kwahiyo baada ya wiki nne tano unajisikia una nguvu unataka kuongeza, na ni kipindi hichohicho mfupa uko kwenye udhaifu. Huo ujenzi unahitaji usingizi, maana homoni ya ukuaji inatoka kwa wingi kwenye usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na unahitaji chakula. Yeye mwezi mzima alikuwa hana usingizi wala chakula. Wenzake wa kundi wengi ni waajiriwa, Desemba wako likizo, wanalala mchana, wanakula machalari, zile ndizi za kupika na nyama, na nyama ya sikukuu. Ratiba moja, lakini kwao Desemba ilikuwa kambi, kwake ilikuwa vita.

Hii ndo sehemu ya kisa inayoniuma zaidi, kwa sababu naiona inajirudia. Kili kwa miaka ya karibuni inakimbiwa mwishoni mwa Februari. Programu yoyote ya mazoezi ya wiki 12 au 14 utakayoipakua, ukirudisha nyuma kutoka Februari, wiki zake za kujenga kilomita zinaangukia katikati ya Desemba na mwanzo wa Januari. Kwa mtu wa Moshi na Arusha anayefanya biashara, anayeendesha gari la watalii, anayefanya kazi hotelini, hicho ndo kipindi kibaya kuliko vyote. Programu haijui kama wewe ni dereva wa watalii na mwisho wa mwaka wageni wamejaa.

Tulivyomtibu hakuna maajabu. Kukimbia kulisimama siku ileile. Tulishukuru kwamba ufa ulikuwa upande wa ndani kwa nyuma wa ugoko, sehemu ambayo huwa inapona vizuri, ingekuwa mbele ya mfupa ningemkimbiza kwa daktari wa mifupa bila kungoja. Kutembea ruksa ilimradi hakuumi. Dukani kazi ya kusimama akapewa mtoto wa dada yake, yeye akawa anakaa kwenye stuli anauza akiwa amekaa, hii ilimsumbua kuliko kuacha kukimbia maana anaamini mteja hamwoni aliyekaa. Baada ya wiki tatu, ugoko ulipoacha kuuma kwenye kutembea, akaanza baiskeli ya kuazima kwa kaka yake, nusu saa taratibu, na mazoezi ya ndama na nyonga nyumbani.

Chakula ndo tulikitumia muda mwingi. Sikumpa orodha ya vitu vya supamaketi. Alfajiri uji wa ulezi wenye maziwa, kikombe kizima, hata siku ambayo hakimbii. Saa mbili asubuhi mayai mawili na ndizi za kuchemsha au viazi, anabeba kwenye hotipoti. Mchana ugali umerudi, na maharage, na dagaa wale wanaoliwa wazima na mifupa yao maana wana kalisi nzuri, parachichi juu maana hapa kwetu yanaoza chini ya miti. Jioni kiburu, yaani ndizi na maharage, au mtori wenye nyama, na mtindi kabla ya kulala. Protini tulilenga kama gramu 85 kwa siku, ukijumlisha mayai, glasi mbili za maziwa, bakuli la maharage, dagaa na nyama kidogo unafika bila kununua unga wa kopo. Chai ya rangi tuliitoa kwenye mlo tukaisogeza saa moja mbele, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma kuingia, na wanawake wanaokimbia wengi wana chuma cha kuungaunga. Kwa mwezi mmoja alirudisha kilo mbili. Alilia siku alipopanda mzani. Tukaongea kuhusu hilo kwa muda mrefu na sitaandika hapa tulichoongea.

Eksirei ya pili, katikati ya Februari, ilionyesha kivimbe cha mfupa mpya palepale alipokuwa ameweka kidole chake siku ya kwanza. Alinitumia picha bila neno lolote.

Siku zilizobaki kabla ya mbio ndo zilikuwa ngumu kwake. Mguu ulikuwa hauumi tena kutembea, kundi likaanza, "funga bandeji, kimbia taratibu, umeshalipia." Shemeji, mume wake, naye aliuliza kama haiwezekani hata ile kilomita 5. Nilimwita tukakaa wote watatu, nikawaonyesha ile picha, nikawaeleza kwamba mfupa huo mpya bado ni laini, na ufa ukiendelea mpaka ukakatika kabisa ni upasuaji na miezi mingi bila duka. Mume akasema "basi mama, tuache." Siku ya mbio alisimama barabara ya Mweka na ndoo ya maji.

Katikati ya Machi, wiki ya tisa, nilimbonyeza pale pale, hakuna kitu, akaruka kwa mguu mmoja mara kumi akicheka. Akaanza kwenye uwanja wa majani, dakika moja kukimbia, nne kutembea, mara sita, siku moja kazi siku moja mapumziko. Masika ilikuwa imeanza na siku nyingine uwanja ulikuwa tope tupu, tukabadilisha na baiskeli, hatukufidia kesho yake. Mei alikuwa anakimbia dakika thelathini bila kutembea. Julai alirudi kwenye kundi kwa makubaliano mapya. Mwanamke mwenzake mmoja wa pesi ileile anakimbia naye nyuma siku nyepesi, wawili wanatosha kwa giza, na wale wakaka wanaochangamka waende. Mara nyingi wanaenda upande wa Rau kwenye njia za udongo, lami na Mweka ni Jumapili moja ndiyo, inayofuata hapana, na miteremko mikali anatembea. Anayeona aibu kutembea kwenye mteremko aje nimwonyeshe ile eksirei.

Kwa msimu wa Februari 2026, naandika haya kabla ya Desemba 2025, tumegeuza mpango juu chini. Kilomita amezijenga Julai mpaka Novemba, taratibu, amefika 38 kwa siku nne na amekaa hapo. Desemba itakuwa mbio tatu tu kwa wiki, jumla kama 22, moja kati ya hizo ina vipande vya kasi, kwa sababu pumzi haipotei kwa wiki chache za kilomita pungufu ilimradi ile kasi kidogo ibaki. Januari, baada ya shule kufunguliwa na mji kupungua watu, anapanda mpaka 40 au 42, hapo basi. Sheria ya Desemba tumeandika na ameibandika ndani ya kabati la duka, usiku aliolala chini ya saa sita kesho yake hakuna kukimbia, hata kama kundi zima linapita mlangoni kwake. Lengo la 2:10 tumelifuta, ameweka 2:18, na hotipoti ya asubuhi mume wake ndo anaijaza sasa.

Bado kuna jambo moja silifurahii, usingizi wake wa kawaida hata nje ya Desemba ni saa sita na nusu na duka halitaki kufungwa mapema. Tumekubaliana wiki ya pili ya Januari aje, nipime uzito, nibonyeze ugoko wa miguu yote miwili kutoka juu mpaka chini, na tufungue simu tusome pesi za siku nyepesi moja baada ya nyingine kabla hajaongeza hata kilomita moja.